NGC 1365: Galaksi ya mbali iliyogeuzwa kipimo cha ulimwengu

KATIKA anga ya kusini, ndani ya kundinyota linaloitwa Tanuri, kuna kidoa hafifu cha mwangaza ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona bila msaada wa darubini. Kidoa hicho ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na gesi na vumbi. Wanaastronomia huijua kwa jina la NGC 1365.

Upana wake ni takriban miaka ya nuru 200,000, hivyo inakaribia kuwa maradufu ya Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua letu na sayari zake zimo. Umbali wake kutoka duniani unakadiriwa kuwa kati ya miaka ya nuru milioni 56 na milioni 60. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwangaza husafiri kwa mwaka mmoja, nao ni takriban kilomita trilioni 9.5.

Maana yake ni kwamba mwangaza utakaoingia kwenye darubini usiku wa leo uliondoka huko zamani mno, miaka milioni kadhaa tu baada ya dinosau kutoweka, na muda mrefu kabla ya binadamu kutokea.

Hakuna chombo kilichowahi kutumwa huko, wala hakuna kinachoweza kufika. Yote yanayojulikana kuihusu galaksi hii yamesomwa katika mwangaza wake. Kwa kuusoma mwangaza huo, wanasayansi wamepima jinsi shimo jeusi lililo katikati yake linavyozunguka, na wameshuhudia vifo vya nyota zake nne.

Muhimu kuliko yote, wameigeuza NGC 1365 kuwa mojawapo ya alama za kupimia ukubwa na umri wa ulimwengu, mithili ya bikoni ambazo mpimaji ardhi hutegemea anapogawa shamba. Na kama ilivyo kwa mashamba mengi, vipimo hivyo vimezua mzozo ambao haujakwisha hadi leo.

JINA NA UGUNDUZI WAKE

Galaksi hii iligunduliwa mnamo 1826 na James Dunlop, raia wa Scotland aliyekuwa akichunguza anga ya kusini kutoka Parramatta, karibu na Sydney nchini Australia. Kituo alichokitumia kilikuwa kimeanzishwa na Sir Thomas Brisbane, gavana wa koloni la New South Wales.

Dunlop hakuwa na njia ya kujua alichokuwa akikitazama. Enzi hizo, kila kitu cha angani kilichofanana na ukungu kiliitwa nebula, na wengi walidhani kwamba vitu hivyo vyote vimo karibu nasi, miongoni mwa nyota tunazoziona kwa macho.

Jina lake la sasa lilitokana na orodha iliyochapishwa mwaka wa 1888 na J. L. E. Dreyer, mwanaastronomia mzawa wa Denmark aliyefanya kazi Ireland. Herufi NGC ni kifupisho cha jina la Kiingereza la orodha hiyo, iliyokusanya vitu 7,840 vya angani. Nambari 1365 haina siri yoyote. Ni nafasi tu ya galaksi hii katika orodha.

Jina la kundinyota lenyewe lina uhusiano na bara la Afrika. Katika miaka ya mwanzo ya 1750, Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipiga kambi katika Rasi ya Tumaini Jema, ambako leo kuna jiji la Cape Town, akaorodhesha maelfu ya nyota za kusini. Sehemu za anga zisizokuwa na majina katika orodha za Ulaya alizipa majina ya ala za sayansi na sanaa. Mojawapo aliiita tanuri la mwanakemia, na kwa Kilatini hujulikana kama Fornax.

Ilikuwa hadi miaka ya 1920 ambapo Mmarekani Edwin Hubble alithibitisha kwamba nyingi za nebula hizo ni galaksi kamili zilizo mbali sana nje ya Njia Nyeupe. Hapo ndipo kidoa cha Dunlop kilipopata maana yake halisi.

HESI NA BORITI

Picha za NGC 1365 ni miongoni mwa zinazopendwa mno katika taaluma hii, na si vigumu kuona sababu. Katikati pana kiini kinachong'aa. Kutoka kwenye kiini hicho, mstari mnene wa nyota umenyooka pande mbili kama boriti iliyopitishwa katikati ya nyumba. Kwenye kila ncha ya boriti hiyo unaanza mkono mmoja mrefu wa nyota uliopinda, na hivyo kuifanya galaksi nzima ifanane na herufi S iliyolazwa.

Galaksi zenye mikono iliyopinda huitwa galaksi za hesi, kwa mfano wa mapindo yaonekanayo kwenye parafujo. Zile zenye mstari ulionyooka katikati, kama hii, ni galaksi za hesi zenye boriti, na wataalamu huziainisha kwa herufi SB. Takriban thuluthi mbili za galaksi zote za hesi zina boriti, lakini ni chache zilizo na boriti kubwa na iliyo dhahiri kama ya NGC 1365. Ndiyo maana wanaastronomia wameipa lakabu ya Galaksi Kuu ya Hesi yenye Boriti.

Njia Nyeupe pia ni ya aina hii. Kwa vile sisi tumo ndani yake, hatuwezi kuitazama kwa nje, na ilichukua miongo kadhaa kuthibitisha kwamba ina boriti. Uchunguzi uliofanywa kwa darubini ya angani ya Spitzer, na ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka wa 2005, ulionyesha boriti hiyo kwa uwazi. Kwa hivyo, anayeichunguza NGC 1365 anachunguza pia jamaa ya nyumba yetu wenyewe.

Rangi za galaksi hii zina habari zake. Boriti ina rangi ya manjano kwa sababu imejaa nyota kongwe. Mikono ina rangi ya samawati, ambayo ni rangi ya nyota kubwa, changa na zenye joto kali. Kando ya boriti mna michirizi myeusi. Hiyo ni vumbi na gesi, malighafi ya kuundia nyota mpya.

Boriti na mikono huzunguka kwa pamoja, na duara moja huchukua takriban miaka milioni 350. Inapozunguka, nguvu za uvutano za boriti huivuruga gesi iliyo karibu, zikaipunguzia mwendo wake wa kuzunguka na kuifanya iporomoke kuelekea katikati. Boriti, kwa hiyo, ni mfereji unaoteremsha gesi hadi kwenye kiini.

Gesi inapofika huko hubanana na kuzaa nyota kwa wingi. Darubini ya angani ya James Webb, ambayo huona mwangaza wa infraredi unaopenya vumbi, iliipiga picha galaksi hii, na picha hizo zikaanza kutolewa kwa umma mwaka wa 2023. Kuzunguka kiini, Webb ilifichua makumi ya makundi ya nyota changa ambayo darubini za awali hazikuweza kuyaona kwa ajili ya vumbi, mengine yakiwa na uzito unaozidi mara milioni moja ya uzito wa Jua.

SHIMO JEUSI NA DENI LA MALINDI

Si gesi yote inayoishia kuwa nyota. Sehemu yake huendelea kuteremka hadi kwenye shimo jeusi lililo katikati kabisa. Shimo jeusi ni kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwangaza ukishaingia hautoki. Lile la NGC 1365 linakadiriwa kuwa na uzito wa takriban majua milioni 2.

Kabla ya kumezwa, gesi hulizunguka shimo kama sahani, hujisugua na kupata joto la kupindukia, kisha hutoa miali mikali. Galaksi zenye kiini kinachowaka namna hii huitwa galaksi za Seyfert, kwa heshima ya Mmarekani Carl Seyfert aliyeeleza sifa zake mwaka wa 1943.

Sehemu kubwa ya miali inayotoka karibu na shimo ni eksirei, ambazo haziwezi kupenya angahewa ya dunia. Ili kuzipokea, sharti chombo kipelekwe juu ya angahewa. Na hapa ndipo historia ya utafiti huu inapopitia katika pwani ya Kenya.

Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, kituo cha Waitaliano kilichosimamishwa baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kwa sababu hiyo, na kama shukrani kwa wenyeji, Wamarekani waliounda setilaiti hiyo waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei, na kuwapa wanasayansi sababu za kuanza kuamini kwamba mashimo meusi ni vitu halisi wala si hesabu za vitabuni pekee. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kikundi cha wanasayansi wa mradi huo, alitunukiwa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002. Setilaiti zote za eksirei zilizofuata zinapita katika njia iliyofunguliwa na ile ya Malindi.

Mojawapo ni Chandra, iliyorushwa mwaka wa 1999. Mnamo Aprili 2006, Chandra iliitazama NGC 1365 mara kadhaa katika muda wa wiki mbili. Katika siku hizo, wingu la gesi lilipita mbele ya shimo jeusi, likaziba eksirei zake, kisha likaondoka, mfano wa Mwezi unapolipatwisha Jua. Tukio lote lilichukua siku chache tu.

Kutokana na muda huo mfupi, wanasayansi waliweza kukokotoa ukubwa wa sahani ya gesi inayotoa eksirei. Waligundua kwamba upana wake ni takriban mara saba tu ya umbali kati ya dunia na Jua. Hakuna darubini inayoweza kuona kitu kidogo hivyo kutoka umbali wa miaka ya nuru milioni 60. Ni kivuli cha wingu kilichowapa jibu.

Swali jingine lilikuwa gumu zaidi: je, shimo lenyewe linazunguka? Chembe za chuma zilizo katika sahani hutoa eksirei za nguvu maalumu. Zikitoka karibu sana na shimo linalozunguka kwa kasi, uvutano huzipotoa na kuzitawanya. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi waliuona upotofu huo katika galaksi mbalimbali, lakini wakagawanyika. Upande mmoja ulisema ni kazi ya uvutano. Upande wa pili ukasema ni mawingu tu yaliyoziba sehemu ya miali.

Mnamo Julai 2012, setilaiti mbili, XMM-Newton ya Ulaya na NuSTAR ya Marekani iliyokuwa imerushwa mwezi mmoja tu kabla, ziliielekea NGC 1365 kwa wakati mmoja. NuSTAR hupokea eksirei za nguvu za juu ambazo mawingu hayawezi kuzificha kirahisi. Matokeo, yaliyochapishwa Februari 2013 na kikundi kilichoongozwa na Mwitaliano Guido Risaliti, yaliupa ushindi upande wa uvutano. Shimo hilo linazunguka kwa takriban asilimia 84 ya kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na nadharia ya Albert Einstein.

Kasi hiyo ni kumbukumbu ya jinsi shimo lilivyokua. Lau lingekuwa limelishwa vipande vidogo kutoka pande zote, kila kipande kingelisukuma upande wake na mzunguko ungedhoofika. Mzunguko wa kasi unaashiria kwamba chakula kiliingia kwa mpangilio, kutoka upande ule ule kwa muda mrefu, au kwamba shimo liliungana na jingine.

NYOTA NNE ZILIZOKUFA

Nyota kubwa inapomaliza uhai wake huweza kulipuka na kung'aa kwa wiki kadhaa kama nyota bilioni kadhaa zikiwekwa pamoja. Mlipuko huo huitwa supanova. Katika NGC 1365 zimeonekana nne: za miaka ya 1957, 1983, 2001 na 2012.

Ile ya 2001 iligunduliwa na Robert Evans, mchungaji wa kanisa nchini Australia aliyezikariri sura za mamia ya galaksi akilini, na akawa akizipitia usiku kwa darubini yake ya nyumbani kutafuta nyota ngeni.

Ile ya 2012 iligunduliwa mnamo Oktoba 27 kwa darubini ndogo inayojiendesha yenyewe huko La Silla, Chile, nayo ikaandikwa SN 2012fr. Ndiyo iliyoipa NGC 1365 uzito mpya katika taaluma hii, kwa kuwa ilikuwa ya aina inayoitwa Ia. Supanova za aina hii hutokana na nyota ndogo nzito, kibeti nyeupe, inayolipuka yote. Nguvu za milipuko hiyo hukaribiana sana, na kwa sababu hiyo hutumika kupimia umbali.

UMBALI ULIVYOPATIKANA

Kupima umbali ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika elimu ya nyota. Nyota hafifu yaweza kuwa ndogo na iliyo karibu, au kubwa na iliyo mbali. Macho hayawezi kutofautisha.

Msomaji aliyewahi kusimama ufuoni mwa Ziwa Victoria usiku atalielewa tatizo hili. Wavuvi wa dagaa huwa wametapakaa majini na taa zao. Ikiwa taa zote ni za aina moja, ni rahisi kujua kwamba iliyo hafifu ndiyo iliyo mbali, na hata kukisia ni mbali kiasi gani. Lakini iwapo huyu ana karabai na yule ana koroboi, makisio yote yanaharibika.

Aliyeipata taa ya kutegemewa angani ni Mmarekani Henrietta Leavitt wa chuo kikuu cha Harvard. Mwaka wa 1912, baada ya kuchunguza nyota 25 za aina ya Sefeidi, ambazo mwangaza wake huongezeka na kupungua kwa kufuata ratiba, alionyesha kwamba kadiri ratiba hiyo inavyokuwa ndefu ndivyo nyota inavyokuwa na mwangaza mkubwa zaidi. Kwa hivyo, ukihesabu siku za Sefeidi, unajua nguvu ya taa yake. Na ukilinganisha nguvu hiyo na uhafifu unaouona, unaupata umbali.

Kwa muda mrefu Sefeidi za NGC 1365 hazikuweza kuonekana, kwa kuwa angahewa ya dunia huzivuruga picha za nyota za mbali. Hali ilibadilika baada ya darubini ya angani ya Hubble kurekebishwa na wanaanga mwishoni mwa 1993. Mwaka wa 1995 Hubble iliipiga galaksi hii picha tena na tena kwa wiki kadhaa, na katika picha hizo zikapatikana Sefeidi 52, zenye ratiba za kati ya siku 14 na siku 60. Umbali uliotokana nazo ulikuwa karibu miaka ya nuru milioni 60.

MZOZO WA UMRI WA ULIMWENGU

Kazi hiyo haikufanywa kwa udadisi mtupu. Tangu 1929, Edwin Hubble alipoonyesha kwamba galaksi za mbali zinatukimbia na kwamba zilizo mbali zaidi zinakimbia kwa kasi zaidi, ilijulikana kwamba ulimwengu unapanuka. Anayejua kasi ya upanukaji huo anaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kukadiria ulianza lini.

Ajabu ni kwamba wataalamu hawakukubaliana juu ya kasi hiyo. Kambi moja, iliyoongozwa na Allan Sandage, ilishikilia kwamba ni takriban kilomita 50 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Kambi ya Gérard de Vaucouleurs ilisema ni karibu 100, yaani maradufu. Tofauti hiyo ilikuwa na maana ya ulimwengu wenye umri wa hadi miaka bilioni 20 kwa upande mmoja, au bilioni 10 tu au pungufu kwa upande wa pili.

Hesabu ya pili ilileta kitendawili. Umri wa nyota kongwe kabisa ulikadiriwa wakati huo kuwa miaka bilioni 14 au 15. Mtoto angewezaje kumpita mama yake kwa umri?

NGC 1365 iliteuliwa kwa sababu imo katika kundi la galaksi la Tanuri. Kundi hilo halijatawanyika kama lile la Mashuke, lililotumika awali, na kwa hivyo umbali wa galaksi moja unatoa fununu nzuri ya umbali wa kundi zima.

Hata hivyo, tahadhari ilihitajika. Galaksi hii inaenda mbali nasi kwa kasi ya takriban kilomita 1,640 kwa sekunde, lakini huwezi kuigawa kasi hiyo kwa umbali wake na kudhani umepata jibu. Galaksi iliyo ndani ya kundi huvutwa pia na jirani zake, na kasi ya wastani ya kundi la Tanuri ni ndogo kuliko hiyo. Baadhi ya wataalamu pia walihoji iwapo NGC 1365 imo katikati ya kundi au imetangulia mbele kidogo kwa upande wetu.

Kwa hiyo galaksi nyingine nyingi zilipimwa na matokeo yakaunganishwa. Mwaka wa 2001, kikundi cha Wendy Freedman, Robert Kennicutt na Jeremy Mould kilitangaza jibu lake la mwisho: 72, huku makosa yasiyozidi 8 yakiruhusiwa juu au chini. Hakuna kambi iliyoshinda; ukweli ulikuwa katikati.

Kufikia hapo, mambo mengine mawili yalikuwa yamekitegua kitendawili cha umri. Vipimo vipya viliupunguza umri wa nyota kongwe. Isitoshe, mwaka wa 1998 vikundi viwili vilivyochunguza supanova za aina ya Ia viligundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, jambo linalobadilisha hesabu ya umri. Leo ulimwengu unakadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8.

MZOZO MPYA

Wengi walidhani yamekwisha. Hayajaisha, na NGC 1365 imerudishwa tena kizimbani kama shahidi.

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck ilichunguza mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Matokeo yake ya mwaka wa 2018 yanaashiria kasi ya upanukaji ya karibu 67.4. Kwa upande wa pili, kikundi kinachoongozwa na Adam Riess kilitumia Sefeidi na supanova katika galaksi 37, ikiwemo NGC 1365 na supanova yake ya 2012, kikapata 73 mwaka wa 2022. Pande zote mbili zinasema makosa yao ni madogo kuliko pengo lililopo.

Freedman naye, akitumia pia njia nyingine inayotegemea nyota kongwe nyekundu badala ya Sefeidi, amepata takriban 70, na anasema huenda pengo lenyewe ni dogo kuliko inavyodhaniwa.

Yaliyomo katika tofauti hii si madogo. Ikiwa vipimo vya galaksi vina kasoro iliyofichika, basi vigingi vyote vya umbali angani vitalazimika kung'olewa na kupigwa upya. Na ikiwa havina kasoro, basi kuna kitu katika historia ya ulimwengu ambacho fizikia ya sasa haikijui. Kwa vyovyote vile, kila Sefeidi iliyomo kwenye mikono ya NGC 1365 inahesabiwa tena, safari hii kwa picha safi zaidi.

KUIONA KUTOKA KENYA

Wakazi wa Afrika Mashariki wana bahati ambayo wenzao wa Ulaya kaskazini hawana. Kwao kundinyota la Tanuri halinyanyuki vyema juu ya upeo wa macho, ilhali hapa Kenya hupanda zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa kusini hadi utosini.

Wakati mwafaka ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, mwendo wa saa tatu usiku. Mtazamaji aelekee kusini. Mkono wa kushoto ataiona Suheli, nyota angavu ambayo mabaharia wa pwani wameitumia tangu jadi kujua upande wa kusini. Mkono wa kulia ataiona Achernar, ambayo jina lake la asili ya Kiarabu lina maana ya mwisho wa mto. NGC 1365 iko juu, kati ya nyota hizo mbili, kama kilele cha pembetatu.

Kwa macho matupu hapo hapaonekani kitu ila giza. Darubini yenye kioo cha sentimita 20, mbali na taa za mjini, huonyesha ukungu mdogo wenye kiini, na katika usiku usio na mbalamwezi, mtazamaji mvumilivu huweza kuitambua boriti.